Jani la Kunde Saa Saba Mchana

Nyinyi vijana mnaopita hapa shambani na simu zenu, mkanipiga picha nikiwa nimeinama, kisha mkaniuliza, "Ayeeyo, siri yako ni nini?" Siri sina. Nina miaka mingi ya kuinama, basi. Lakini mmeuliza, na bibi yenu akiulizwa hujibu, kwa hivyo kaeni chini msome. Ninaandika mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye gumbaru, jioni baada ya kazi, ndiyo maana maneno yangu ni mafupi. Anayetaka maneno marefu aende ofisini.

Maisha yangu yote sitawasimulia, hayawasaidii. Nitawaambia jinsi kunde zinavyokataa kutoa maji yao, jinsi nilivyokosea kuzisoma mwanzoni, na jinsi kosa hilo lilivyonisaidia mwaka ambao pampu ilikufa.

Sisi ni watu wa mifugo. Mimi nimezaliwa nyuma ya ng'ombe upande wa Sangailu, na mume wangu Gedi amelelewa na ngamia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mvua zilikata, ng'ombe wakaisha mmoja mmoja, na tuliobaki nao ni mbuzi sita. Tukashuka hadi ukingo wa mto Tana, nje kidogo ya mji wa Garissa, ambako kulikuwa na kikundi cha akina mama wenye pampu na mtaro. Nikapewa kipande changu nilime. Jembe nililishika kama mtu anayeshika nyoka.

Kaka yake Gedi, Hussein, alikuwa bado na ngamia wake. Alikuja kututembelea akanikuta nimejaa udongo hadi magotini. Akasimama kwenye kivuli cha mti wa mathenge, akacheka.

"Dahabo! Sasa unachunga kitu kisichokimbia?"

"Kisichokimbia hakipotei," nikamwambia. "Wako wangapi wamepotea mwezi huu?"

Akaacha kucheka. Lakini maneno yake yalimwingia Gedi, na huko mbele mtaona yalikofika.

Msimu wa kwanza nilipanda maharagwe nusu na kunde nusu. Mbegu zote mbili tulipewa. Sikujua tofauti yao, nilijua tu kwamba moja ni nyekundu na nyingine ina jicho jeusi. Zikaota vizuri. Kisha jua likawa jua la Garissa, mnalijua. Siku moja saa saba mchana nikatembea katikati ya mimea yangu kuikagua kama ninavyokagua zizi.

Maharagwe yalikuwa yametandaza majani, mapana, ya kupendeza. Kunde zilikuwa zimeharibika. Majani yao yalikuwa yamesimama kwa ukingo, kama mtu anayekugeuzia bega asikusalimie. Ukiangalia kutoka juu unaona udongo mwingi kuliko majani. Nikaogopa.

Sasa kwetu, ukimshuku mnyama, unamshika sikio. Sikio likiwa na moto, ana homa. Ndivyo mama yangu alivyofanya na ndivyo nilivyofanya mimi. Nikalishika jani la haragwe kwa vidole viwili: lina ubaridi. Nikalishika jani la kunde: lina joto, joto kabisa, kama sikio la ndama anayekufa. Nikakata shauri hapo hapo. Kunde zinaumwa, maharagwe ni mazima. Na kisimani kwetu mnyama dhaifu hunywa kwanza, mwenye nguvu husubiri.

Nikaanza kuzinywesha kunde kila mchana. Nilifungua maji kwenye majaruba ya kunde nikayafunga kwenye ya maharagwe. Kwa muda wa wiki nzima na zaidi. Kila nikipita nikigusa jani limepoa, nikawa najisifu moyoni kwamba nimemponya mgonjwa.

Aliyenikamata ni Mama Buya. Huyu alikuwa Mpokomo wa upande wa Masalani, ameolewa huku, na watu wake wamelima ukingo wa mto huu tangu zamani sana. Mikono yake ilikuwa mifupi na mipana, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Wewe dada, unafanya nini na maji jua kali hivi?"

"Nawanywesha. Wana homa."

"Nani ana homa?"

"Kunde. Shika."

Akashika. Akaniangalia. Kisha akaketi kwenye tuta, akacheka mpaka leso ikamwanguka.

"Jamani, Msomali anapima homa ya kunde! Dahabo, huyu hana homa. Huyu amefunga mlango kwa sababu ya jua, amelala zake. Wewe unamwamsha mtu aliyelala umpe maji. Njoo hapa alfajiri, kabla jua halijatoka, ndipo umwangalie. Ukimkuta alfajiri amesimamisha majani vile vile, hapo mlilie. Ukimkuta amefungua, mwache."

Nilikwenda alfajiri, baada ya sala. Kunde ambazo sikuzinywesha, pale mwisho wa mstari ambapo maji hayakufika, zilikuwa zimefungua majani yote, bapa, zimetulia. Maharagwe yangu yaliyokaa kiu yalikuwa yamelegea kwenye shingo, na hata baridi ya alfajiri haikuyainua. Hayo mapana ya kupendeza.

Msimu ule nilivuna majani. Kunde zilizonyweshwa zilinenepa, zikapanda hadi kiunoni, zikasahau kuzaa. Maganda yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Mama Buya alinifundisha kuyapika majani kwa kitunguu. Nikampelekea Gedi sahani. Akaitazama.

"Hii ni nini?"

"Mboga."

"Mimi si mbuzi," akasema, akasogeza sahani mbali. Miaka hiyo watu wetu hawakula majani. Leo anakula, na anaongeza chumvi.

Baadaye kidogo bwana shamba alifika na pikipiki yake. Alikuwa kijana mwembamba kutoka bara, akituogopa kidogo sisi akina mama, jambo lililokuwa sawa. Mama Buya akamwambia habari ya homa yangu, mbele ya kila mtu. Kijana hakucheka. Akatoa mifuko miwili ya plastiki ile ya kuonekana ndani, akafunga mmoja kwenye tawi la haragwe na mwingine kwenye tawi la kunde, akakaza kwa uzi. Ilikuwa saa saba mchana. Akasema tunywe chai.

Tuliporudi, mfuko wa haragwe ulikuwa na matone makubwa yanateremka ndani, hadi yamekusanyika kwenye kona. Wa kunde ulikuwa na ukungu tu.

"Mama Dahabo, nani anatoka jasho?"

"Haragwe."

"Anayetoka jasho ngozi yake huwaje?"

"Hupoa."

"Sasa nani alikuwa anapoteza maji, yule baridi au yule wa moto?"

Wenzangu wakajibu kwa niaba yangu, kwa sauti, wakinipiga begani.

Akatueleza. Chini ya jani kuna vijitundu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona, na kila kitundu kina midomo miwili. Midomo ikifunguka, jani huvuta hewa likatengeneza chakula, lakini maji nayo hutoka kwa mlango huo huo. Kunde zikihisi udongo unakauka, hufunga midomo mapema, wakati mizizi bado ina kitu. Zikishafunga, jani halipoi tena kwa jasho, kwa hivyo hugeuza ukingo kwa jua lisichomeke. Haragwe huchelewa kufunga. Hutumia maji kama mtu aliyepokea mshahara jana, na likija kushtuka, hakuna.

Nikamuuliza, "Basi kwa nini kila mmea usifunge mapema?"

"Kwa sababu anayefunga mdomo hapotezi maji, lakini pia hali chakula. Kunde zikifunga, hazikui. Zinasubiri tu."

Hilo lilinikaa. Kusubiri bila kula ninakujua.

Kuanzia hapo nikawa nagusa. Sasa nawapa kile mnachokiita siri, sikilizeni. Vidole vya mkulima vina sugu, vinadanganya, tumieni upande wa ndani wa kiwiko cha mkono au wa kifundo, ngozi laini. Gusa jani lililo juani, la kivulini halikuambii kitu. Jani la kunde likiwa na joto mchana na limefunguka alfajiri, mmea uko salama, nenda ukapalilie. Palilia kweli kweli, kwa sababu magugu hayafungi mdomo kwa ajili yako, yanakunywa maji ya kunde. Majani ya chini yakigeuka manjano na kudondoka, usipige kelele: mmea unapunguza mizigo. Njugu zikikunja vijani vyake viwili viwili kama mtu anayefunga kitabu, ni jambo lile lile. Ndengu hufanya hivyo pia, lakini hazina subira ya kunde. Mbaazi ana mizizi mirefu, mambo yake ni ya chini sana, mwacheni.

Juzijuzi alikuja msichana wa chuo na kimashine cha kubana jani. Anabana, anangoja, anasoma namba. Nikamwambia mimi niguse kwanza, niseme kama limefunga au limefungua, kisha yeye abane. Tulikubaliana karibu kila mara. Mahali tulipotofautiana, betri yake ilikuwa imekwisha. Msichana mzuri, mwenye adabu. Aliandika jina langu kwenye daftari lake.

Sasa nije kwenye mwaka wa pampu.

Hata kabla ya pampu, mvua zilikuwa zimetukosa tena na mto ulikuwa umeshuka. Maji yalirudi nyuma, yakaacha mchanga mpana kati yetu na yenyewe. Kunde na maharagwe yangu yalikuwa na urefu wa shubiri mbili hivi, bado hata ua moja. Asubuhi moja pampu ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Fundi akaifungua akatuambia kipande kilichovunjika hakipo Garissa, kitafutwe Nairobi. Lini kitafika? Akaangalia mbingu.

Jioni ile Gedi akaniambia, bila hasira, alikuwa amekwisha kufikiri.

"Shamba likikauka, tunarudi Sangailu. Tunakwenda kukaa kwa Hussein."

Nyinyi hamjui neno hilo lina nini ndani. Kwenda kukaa kwa Hussein maana yake ni boma la mwanamke mwingine. Unaamka kabla yake na unakunywa chai baada yake. Wanangu wangechunga ngamia ambao si wao, na binti yangu Shamsa angeteka maji ya nyumba ambayo si yake. Na Hussein angekuwa mwema kwetu, hilo ndilo baya zaidi. Kwa hivyo jueni kilichokuwa pale shambani. Kulikuwa na nyumba yangu pale.

Maji yaliyobaki ni ya kubeba kwa mitungi kutoka mtoni, kupita mchanga, na mamba wanajua njia ya wateka maji kuliko wateka maji wenyewe. Tulikuwa watu watatu wa kubeba: mimi, Shamsa na Kheyra, mke wa mwanangu mkubwa. Nikapiga hesabu ya miguu yetu. Maji hayatoshi mimea ya aina mbili. Kwa aina moja yanatosha, tena iwe ile inayoweza kuyasubiri.

Kesho yake nikaingia kwenye maharagwe, yaliyokuwa mstari kwa mstari na kunde, yakiwa bado kijani, nikaanza kuyang'oa.

Akina mama wakaacha kazi wakaja kutazama. Mama Buya akanishika mkono.

"Dahabo, una akili? Unang'oa kitu kibichi?"

"Kinakunywa."

"Mto utapanda. Mimi nimezaliwa na mto huu. Ngoja siku chache."

"Wewe ndiye uliyenifundisha nani analala na nani yuko macho."

"Nilikufundisha kuangalia. Sikukufundisha kuua."

Nikaendelea. Nikawapa mbuzi maharagwe yote, wakashiba siku mbili. Mama Buya alibeba maji kwa ajili ya maharagwe yake hadi mgongo ukamfunga, na mto haukupanda. Sisemi hivi kumcheka. Aliujua mto wa miaka mingine.

Kunde sikuzipa tone. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wenzangu wanapita na mitungi kichwani, wananiona nimekaa. Kheyra, binti mwenye huruma na haraka, alininong'oneza, "Mama, nizipe kikombe kimoja kimoja tu?" Nikamwambia ajaribu aone. Ukizipa kikombe kimoja zinafungua midomo, zinatumia kikombe hicho na maji yaliyobaki mizizini pia, halafu siku inayofuata zinakudai kingine. Waacheni waliofunga wafunge.

Zikaacha kukua. Majani ya chini yakawa manjano, yakaanguka. Mchana ulikuwa unaona vijiti vimebeba majani machache yaliyosimama kwa ukingo. Nilikwenda kila alfajiri. Kila alfajiri yalikuwa yamefunguka. Wiki ikapita, ikaingia nyingine. Sikumwambia mtu kwamba usingizi wangu ulikuwa umekatika.

Mtu wa mifugo akiona shamba limekufa, anaingiza mifugo yake ikale mabaki kabla jua halijayala. Hiyo ni akili, na mimi ningefanya hivyo hivyo kwa shamba la mtu mwingine. Basi mchana mmoja nikamkuta Gedi ameondoa miiba kwenye mlango wa shamba, mbuzi wamekusanyika nyuma yake, wanalia.

"Naa Dahabo, zimekufa. Wacha mbuzi wapate kitu."

"Hazijafa."

"Mimi nina macho."

"Macho yako yamekuja saa mbaya. Njoo kesho alfajiri. Ukizikuta hazijafungua majani, mlango nitafungua mimi mwenyewe, na Sangailu tutaondoka mchana huo huo."

Gedi hapigi kelele, anahesabu. Akarudisha miiba.

Alfajiri tukaenda wawili. Hakukuwa na upepo. Kunde zilikuwa zimefungua yale majani machache yaliyobaki, bapa, kila moja limetazama juu, laini. Gedi akachuchumaa. Akagusa moja, akagusa jingine, akaenda hadi mwisho wa mstari akarudi. Nikamwambia habari ya midomo na jasho, kama nilivyowaambia nyinyi.

"Halitoki jasho," akasema.

"Halitoki."

"Na mchana linampa jua ukingo."

"Ndiyo."

"Na linapunguza mwili."

"Ndiyo."

Akanigeukia, akasema, "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo kwamba huyu ni ngamia?"

Kwa kweli sikuwa nimefikiri hivyo. Miaka mitatu nilikuwa nazijua kunde kwa habari ya homa na mifuko ya plastiki, na yeye akazijua asubuhi moja. Tangu siku ile ndiye aliyekuwa anawafukuza mbuzi wa watu, kwa mawe na kwa matusi.

Maua yalitokea siku chache baadaye, machache, ya zambarau. Hapo ndipo niliposema, sasa tubebe. Kunde zinaweza kusubiri zikiwa majani, lakini ua likikosa maji linaanguka na ganda halirudi. Tukabeba maji jioni, jua likiwa chini, kila shina kopo moja, kwenye mguu wake na si juu ya jani. Gedi mwenyewe alibeba, mwanamume wa ngamia na mtungi wa manjano begani, na hakuna aliyethubutu kumcheka kwa sababu alikuwa ameshika fimbo kwa mkono mwingine. Tukafanya hivyo mpaka maganda yakajaa.

Tulivuna gunia moja na kidogo. Msidhani ni mengi. Wenzangu wengi hawakuvuna kitu, na kunde zile tuligawana na Mama Buya, ambaye alipokea akasema, "Muuaji wewe," akaniombea dua. Tulikula mara moja kwa siku. Hatukushiba, lakini kila mtu alikula kwenye sufuria yangu, na Gedi hakutaja Sangailu tena.

Kabla ya kupukuchua, nilikuwa nimepita mistarini nikachagua maganda ya mashina yaliyozaa vizuri kwa maji yale machache. Nikayapukuchua peke yake, nikazikausha mbegu za kupanda msimu ujao, nikazichanganya na jivu, nikazijaza kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikalifunga kwa kitambaa.

Kisha dereva wa lori akaleta salamu kutoka Sangailu. Ngamia wa Hussein wamepungua sana, maziwa yamekauka, na yeye na mke na watoto wako njiani, wanakuja kukaa kwetu.

Gedi akafurahi na akahuzunika, yote mawili. Akaangalia gunia, lilikuwa limebaki chini ya nusu. Akaangalia kopo. Kheyra naye akaliangalia. Nikaona macho yanakwenda.

"Ni kaka yangu," Gedi akasema.

"Najua ni kaka yako."

Nikawaita wote, Gedi, Shamsa, Kheyra na wanangu wa kiume, wakasimama mbele ya mlango, nikasema mara moja tu: Hussein akifika apewe kitanda changu na chai ya kwanza. Kunde za gunia zipikwe kila siku mpaka ziishe, na mkewe asiachwe kuteka maji peke yake. Zikiisha, chinjeni mbuzi, mkianza na yule mweupe. Mbuzi wakiisha, njooni mniombe kopo hili, niwaambie hapana.